Mazengo na Chimwaga: vyuo viwili vilivyozaliwa mwaka mmoja

Mwambie bodaboda wa makamo pale katikati ya mji, "Nipeleke chuoni," atakuuliza, "Chuo kipi, bosi?" Dodoma ina vyuo mpaka vinakaribia kugongana mabega: Mipango, Biashara, Madini, Serikali za Mitaa kule Hombolo, UDOM kule juu. Lakini ukisema "Mazengo" atawasha pikipiki bila swali la pili, ingawa shule ya sekondari Mazengo haipo tena na kibao cha getini kinasema Chuo Kikuu cha St. John's cha Tanzania.

Jina hilo limebeba historia nzima. Mazengo alikuwa mtemi wa Wagogo wa Mvumi. Shule yenyewe, kabla ya kupewa jina lake, iliitwa Alliance na ilikuwa mikononi mwa Waanglikana. Zikaja zama za Ujamaa, Sheria ya Elimu ya 1969 ikaiwezesha serikali kuzichukua shule za mashirika, na Alliance ikaenda na maji pamoja na nyingine nyingi. Ikawa shule ya serikali yenye jina la mtemi. Vijana wa kila mkoa wakasoma pale, wakala ugali na maharage, wakaondoka wakawa watu wakubwa. Baadaye serikali ikairudisha kwa kanisa, na mwaka 2007 Kanisa Anglikana la Tanzania likafungua chuo kikuu kwenye mabweni na madarasa yale yale.

Mwaka huo huo wa 2007, upande wa pili wa mji, serikali nayo ikafungua chake. Chuo Kikuu cha Dodoma, yaani UDOM, kilianzia kwenye eneo la Chimwaga, kwenye ukumbi wa CCM ambamo Benjamin Mkapa aliteuliwa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete baada yake mwaka 2005. Mpango ulikuwa chuo cha wanafunzi 40,000. Rudia kuisoma namba hiyo. Kwa mji uliokuwa umesubiri kuwa makao makuu tangu 1973 huku ukiona wizara zikibaki Dar es Salaam, 40,000 ilikuwa kama kuambiwa mvua itanyesha miezi sita mfululizo.

Kwa hiyo kisa ni hiki: mwaka mmoja, mji mmoja, vyuo vikuu viwili. Kimoja kina kanisa mgongoni, kingine kina dola. Watu huuliza kipi kimeshinda, na mimi swali hilo silioni kama lina maana, kwa sababu linadhani kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, kimoja cha serikali na kingine kinachojitegemea. Nimeishi mji huu muda wa kutosha, nikafundisha kwa muda kwenye chuo kimoja binafsi (sikitaji, na wala si lazima kiwe cha Dodoma mjini), na hoja yangu ni kwamba chuo kikuu binafsi hapa kwetu ni binafsi kwenye hati tu. Majengo, wanafunzi, ada, walimu, hata soko la wahitimu wake, vyote vimepita kwenye mkono wa serikali kabla ya kukifikia. Kilicho cha binafsi kweli kweli ni hasara.

Tuanze na mlango ulivyokuwa.

Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kisha mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), chuo cha taifa. Hesabu ya wakati ule ilikuwa rahisi: nchi inahitaji madaktari wangapi, wahandisi wangapi, mahakimu wangapi, basi wafundishwe idadi hiyo. Mwanafunzi alisomeshwa kwa sababu kuna kiti kinamsubiri. Azimio la Musoma la 1974 likaongeza kwamba mtoto wa kidato cha sita asipande moja kwa moja chuo kikuu, akafanye kazi kwanza, mahali pa kazi pamthibitishe. Ukitaka kujua kwa nini kizazi cha baba zetu kinamtaja mhitimu wa chuo kikuu kama anayetaja chui albino, sababu ni hizo. Sokoine ya Morogoro (SUA) ilikuja 1984, Chuo Kikuu Huria 1992. Hadi hapo hakukuwa na chuo kikuu cha binafsi hata kimoja.

Mlango ulifunguliwa miaka ya 90, na ulifunguliwa kutoka ndani. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya maelewano na makanisa kuhusu huduma za jamii. Mwaka 1995 Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanyiwa marekebisho, sekta binafsi ikaruhusiwa kuingia elimu ya juu, na likaundwa Baraza la Ithibati kuwa bawabu. Wakaingia haraka: Chuo cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki pale Mikocheni na IMTU, chuo cha udaktari cha Mbezi, Tumaini ya Walutheri, Mtakatifu Augustino ya Mwanza mwaka 1998, na kule Tunguu Chuo Kikuu cha Zanzibar. Mwaka 2005 Baraza likapisha Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU.

Watu wanapozungumzia ukuaji huu hutumia maneno ya ujenzi, kana kwamba kila mahali palichimbwa msingi. Ukweli ni kwamba vyuo vingi vilianza na fundi rangi. Kairuki tayari alikuwa na hospitali. Walutheri tayari walikuwa na chuo cha Makumira na hospitali ya KCMC. Wakatoliki tayari walikuwa na chuo cha Nyegezi. Walichofanya ni kubadilisha kibao, kuongeza maktaba, na kutafuta maprofesa watatu wanne waliostaafu. Hata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipata majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, kwa mkono wa serikali ya Mkapa. Ukiiangalia Mazengo kwa jicho hilo, haikuwa ajabu hata kidogo. Ilikuwa kanuni: dini inaleta jina na nidhamu, dola inaleta nyumba, au inarudisha iliyochukua.

Sasa pesa. Hapa ndipo kisa kinaponoga, na hapa nitakaa.

Siku moja ya Novemba nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu wa chuo kile nilichokuwa nafundisha. Nilikuwa nadai. Mihula miwili ya pati taimu, vipindi sita kwa wiki, na kila nikiuliza naambiwa "wiki ijayo, mwalimu." Mbele yangu dirishani alisimama binti, bado ana vumbi la safari, begi la nguo liko miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na silipu ya benki?"

"Ninayo, mama. Nimelipa laki mbili."

"Laki mbili tu? Na iliyobaki?"

"Baba amesema alizeti ikipanda bei kidogo atatuma."

Mama akavua miwani. "Mwanangu, chuo hakisubiri alizeti. Bodi jina lako limetoka?"

"Awamu ya kwanza sikuwemo. Wanasema kuna ya pili."

"Haya. Andika barua ya kuahidi, ipeleke kwa mkuu wa kitengo akusainie, urudi hapa nikusajili kwa muda. Ila mtihani bila ada hufanyi, nakwambia mapema usije ukanililia."

Binti akashukuru, akajitwisha begi. Mama akanigeukia mimi: "Mwalimu, umeona mwenyewe. Nikulipe kwa hela ipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alichosema kilikuwa sahihi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na jambo kubwa iliyofanya kwa vyuo binafsi ni kwamba mkopo unamfuata mwanafunzi hata akisoma chuo cha kanisa. Kabla ya hapo chuo binafsi kilikuwa cha mwenye uwezo au cha mtoto wa mchungaji aliyepata mfadhili. Baada ya hapo mtoto wa mkulima wa alizeti wa Kondoa au wa zabibu wa Mpunguzi akaweza kusimama dirishani. Mkopo una sehemu mbili zinazojulikana na kila mwanachuo: kuna bumu, ile ya chakula na malazi ambayo mwanafunzi anaisaini na kuipokea mwenyewe, na kuna ada, ambayo inakwenda moja kwa moja chuoni. Bumu likichelewa, wanafunzi wanapiga kelele na gazeti linaandika. Ada ikichelewa hakuna anayesikia, ila mhasibu na watu kama mimi kwenye benchi.

Chuo cha umma ada ikichelewa, mishahara haichelewi, kwa sababu mishahara inatoka Hazina. Chuo binafsi ada ndiyo mshahara, ndiyo umeme, ndiyo karatasi ya mtihani. Kwa hiyo chuo ambacho kisheria hakina hata shilingi ya serikali kinaamka kila asubuhi kikiangalia serikali imelala upande gani. Sijui jina lingine la hali hiyo zaidi ya utegemezi, na wakuu wa vyuo binafsi hawapendi neno hilo litajwe. Mimi nalitaja bila kuwalaumu. Kwa wakulima wa kanda hii, ambako mvua ni ya kubahatisha na mavuno ni mara moja kwa mwaka, ada ya kutoka mfukoni peke yake isingejaza hata ukumbi mmoja.

Wanafunzi wenyewe walitoka wapi? Walitoka shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, kila kata ikaambiwa ijenge sekondari, na ndani ya miaka michache watoto wakajaa madarasani bila mwalimu wa kuwafundisha. Ikawa kila chuo kinataka kutoa shahada ya ualimu. UDOM ilitoa walimu kwa malori, na vyuo vya dini navyo vikafanya hivyo hivyo, kwa sababu ualimu wa masomo ya sanaa ndiyo shahada ya bei rahisi kuiendesha kuliko zote. Haihitaji maabara wala wagonjwa. Ukumbi, spika, chaki, na mhadhiri mmoja anayeweza kuongea mbele ya watu mia nne bila kukauka koo. Mhitimu alikuwa anasubiri nyumbani miezi kadhaa, jina linatoka, anapangiwa kituo, anaripoti. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa bidhaa yote.

Kisha mnunuzi akaacha kununua. Kuanzia 2015 hivi, zile ajira za moja kwa moja za walimu zikakauka, zikawa za kuomba na za idadi ndogo, hasa kwa walimu wa sanaa. Kila mtaa wa Dodoma una mwalimu wa historia na Kiswahili anayeuza vocha, na mdogo wake anamwona. Huyo mdogo akimaliza kidato cha sita hataomba tena ualimu wa historia, hata kama chuo ni cha jirani na mabweni ni mazuri.

Hapo hapo ukaja mwaka 2016. Chini ya Waziri Joyce Ndalichako sifa za kudahiliwa zilikazwa: kidato cha sita lazima uwe na alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0, na milango ya kozi za maandalizi, ambayo wengi walioanguka kidogo walikuwa wakipitia, ikafungwa. Nisieleweke vibaya. Kulikuwa na uozo, na aliyefundisha miaka ile anajua. Nimewahi kusahihisha insha ya mwaka wa tatu ambayo nisingemwonyesha mwalimu wangu wa darasa la saba. Lakini kanuni ile iligonga vyuo kwa uzito usio sawa. Chuo kikongwe chenye waombaji wanaosukumana mlangoni kilipoteza foleni ya nyuma. Chuo kidogo kilichokuwa kikiishi kwa hiyo foleni ya nyuma kilipoteza wanafunzi.

Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya ukaguzi. Mwaka huo huo utaratibu wa pamoja, ambapo tangu 2010 tume ndiyo iliyowapanga waombaji vyuoni, ukafutwa. Wanafunzi wakaanza kuomba moja kwa moja. Wengi wa upande wa vyuo binafsi walishangilia, wakidhani sasa watajitangaza na kuvuna. Waliosahau ni kwamba mwanafunzi akiachiwa achague mwenyewe, huanza na UDSM, akashuka SUA, akashuka UDOM, na ndipo akakumbuka chuo cha dayosisi. Tume iliyokuwa ikilaumiwa kwa kuwapanga watu ndiyo iliyokuwa ikiwapelekea wateja.

Ili nisionekane nachora chuo cha umma kama kiti cha enzi: Mei 2016 UDOM yenyewe iliondolewa zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, wakapewa muda mfupi wafungashe. Tuliokuwa mjini tunakumbuka vijana na mabegi yao barabarani, wengine hawana nauli. Chuo chochote binafsi kikiondolewa watu 7,000 mwezi Mei, Juni kinatafuta mnunuzi wa viti. UDOM ilitikisika, ikaendelea. Kama unatafuta tofauti ya Chimwaga na Mazengo, usiangalie ubora wa wahadhiri, wala ukubwa wa eneo. Angalia nani anabeba pigo linapokuja.

Kuhusu wahadhiri, kwa ufupi, maana kila mtu analijua hili na hakuna anayelisema kwenye mahafali. Chuo binafsi huanza na wastaafu wa Mlimani na Sokoine, watu waliofundishwa na kulipwa na serikali maisha yao yote. Huongeza pati taimu kutoka chuo cha umma kilicho karibu. Dodoma, huyo hutoka UDOM na daladala. Wakati huo kinachukua vijana wake wenyewe wenye ufaulu mzuri, kinawafanya wakufunzi wasaidizi, kinahangaika kuwatafutia nafasi ya uzamili na uzamivu. Kijana akirudi na udaktari wake, chuo cha umma kinatangaza kazi yenye pensheni. Chuo binafsi kinatotoa, kifaranga kikiota manyoya kinahamia kwa jirani.

Mbona basi Mazengo bado ipo wakati vyuo vingine vimefunga? Majibu ya kitaalamu yapo mengi, mimi nina moja. St. John's haikuweka mayai yote kwenye ualimu. Ina uuguzi na ufamasia, fani ambazo mhitimu wake anaajiriwa na hospitali ya misheni, na duka la dawa, na mradi wa wafadhili, si serikali peke yake. Muuguzi ni ghali kumfundisha. Anataka vifaa, anataka wodi za kujifunzia, anataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache. Chuo kilichovumilia gharama hiyo kimejipatia kitu ambacho ukumbi wa watu mia nne haukipi: mnunuzi zaidi ya mmoja.

Halafu kuna bahati ya jiografia. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali nzima inahamia Dodoma, na Aprili 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji. Watumishi wakaja, na watumishi hupenda vyeti. Maana yake madarasa ya jioni na ya wikiendi. Kwa upande mwingine, geto la Kikuyu ambalo wanafunzi wawili walikuwa wakigawana kodi likaanza kupangwa na afisa wa wizara anayelipa miezi sita mbele bila kupepesa jicho. Mama mwenye nyumba hana dhambi. Ila mzazi wa Mpwapwa anapopiga hesabu ya kumsomesha mtoto, chumba nacho kimo kwenye hesabu, na mtoto wa UDOM ana nafasi ya bweni.

Sasa hivi pengo linapanuka tena kwa njia nyingine. Kuanzia 2021 serikali inatekeleza mradi wa elimu ya juu uitwao HEET kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye vyuo vya umma: maabara, kumbi, kusomesha wahadhiri. Sina ugomvi na hilo. Ni deni la umma, lijenge vya umma. Lakini mwanafunzi anayesoma uuguzi kwa mkopo wa bodi ile ile, atakayefanya kazi kwenye zahanati ya serikali ile ile ya Bahi au Chemba, anajifunza kwenye maabara iliyojengwa kwa sadaka na ada. Hati ya umiliki ndiyo inayowatenga, na hati hiyo, kwa upande wa Mazengo, serikali yenyewe imewahi kuishika.

Yule binti nilimwona tena wiki tatu baadaye, kwenye foleni ya chai. Nikamuuliza mambo ya dirishani yameishia wapi. Akasema awamu ya pili imetoka na jina lake limo, si asilimia mia lakini ada sehemu kubwa imo. Na alizeti haijapanda. Nikamwambia hongera mwanangu, soma. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa yake mhasibu akanipigia simu nikachukue hundi, ya muhula mmoja kati ya ile miwili.